Kama Hujui Jina la Mti, Usinilishe Nao

Nianze na kukiri, ndio nipate haki ya kufoka baadaye.

Ile klipu ya mkono wa msichana mwenye bangili ya shanga za kijani, anachonga kijiko kwa tawi bichi huku maandishi yakipita juu, "Kwaheri plastiki, karibu asili", ni yangu. Msinitumie tena, naijua. Mkono ni wangu, kisu ni changu, bangili bado ninayo. Na ule mti ulikuwa sumu.

Niliuchuma nyuma ya nyumba tunayopanga Mwakingali. Kuna ua pale, mnajua zile nyua za mjini Voi ambazo hakuna anayekumbuka nani alizipanda. Majani membamba marefu yanang'aa, maua ya njano kama kengele, matunda ya kijani yenye pembe ambayo watoto hutupiana wakicheza. Nilikata tawi, likatoa utomvu mweupe kama maziwa, nikaupangusa na suruali nikaendelea. Mti ulikuwa laini, kisu kinateleza kama kwa siagi, mwanga wa saa kumi na moja jioni umekaa vizuri. Kontenti safi. Nikachonga, nikapiga msasa, nikapaka mafuta ya kupikia, nikapost. Laiki zikaja kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka.

Jumapili nikampelekea nyanya Sagalla kile kijiko kama zawadi.

Alikigeuza mkononi mara mbili. "Mti gani huu?"

"Wa ua, nyanya."

"Ua ni jina la mti?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama, akakiweka kile kijiko chini mbali na sufuria, akaenda kunawa mikono hadi kwenye viwiko, akaniita na mimi ninawe. Kisha akasema polepole, bila hata kunigombeza, "Mjukuu wangu, hilo ni ua lenye maua, na linaua." Akachukua jembe, akaenda kukizika nyuma ya choo. Hakukitia motoni, na mimi nilikuwa nimeshaunyosha mkono kukitupa jikoni. Moshi wake pia hautaki.

Nilirudi Voi jioni hiyo nikaifuta video. Lakini nyinyi mnajua intaneti. Kufuta kwako hakufuti kwa waliokwisha kuipakua.

Sasa basi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizitazama video za kuchonga vijiko na miko kwa jicho lingine, na nina maneno na nyinyi. Na mimi mwenyewe nimo.

Kwanza hili neno "asili". Tumelitumia mpaka limekuwa kama muhuri wa serikali: ukiandika "asili", basi kitu kimeshapimwa na kupitishwa. Nani alipima? Ule mti wangu wa maua ya njano, kwa wataalamu, ni Thevetia peruviana, na si hata wa asili ya hapa. Umetoka Mexico na nchi za Amerika ya Kati, ukaletwa kwa sababu maua ni mazuri na mbuzi hawaugusi. Ndugu yake wa maua ya waridi, oleanda, naye ni mgeni aliyependwa kwa sababu hiyo hiyo: unavumilia jua, hauhitaji maji mengi, hauliwi. Tulipanda kwenye nyua zetu kile ambacho mifugo imekataa, halafu kizazi chetu kikaja na kisu na kusema tukilie chakula.

Miti hiyo miwili ina sumu ya moyo. Simaanishi sumu ya kuwasha mdomo kidogo halafu unaendelea na maisha. Ni sumu inayoingilia mapigo ya moyo, na iko kwenye majani, maganda, mbegu, utomvu na mti wenyewe.

Najua kitakachokuja kwenye komenti, kwa hiyo nianze kujibu. "Nimetumia changu miezi sita na sijafa." Sawa, nafurahi hujafa. Lakini hayo si majaribio, hiyo ni bahati inayojisifu. Na wacha niwe mkweli, maana sitaki kuwatisha na uongo: kuna hadithi ya zamani sana ya watu waliokufa kwa kuchoma nyama kwenye vijiti vya oleanda, inasimuliwa hadi kuhusu askari wa Napoleon huko Hispania, na wanasayansi wa Marekani waliamua kuipima. Walichoma soseji kwenye vijiti vya oleanda, wakazichunguza maabara, wakachapisha matokeo 2009: sumu iliyoingia kwenye soseji ilikuwa kidogo mno kuweza kuua. Hadithi ile pengine ni porojo.

Kwa hiyo ningeweza kusema kijiko changu kisingemdhuru nyanya. Pengine kweli.

Lakini soseji inakaa kwenye kijiti dakika chache, tena moto unaikausha. Mwiko unakaa ndani ya mchuzi wa nyanya na ndimu, unachemka, unatoka, unarudi kesho, na kesho kutwa, mwaka mzima. Mtoto wa dada yako anaung'ata akingoja uji upoe. Na wewe unayechonga umekaa na utomvu mbichi kwenye vidonda vya vidole, unajipangusa jasho machoni. Hilo jaribio la soseji halikumpima huyo mtoto. Kama kuna mipera na miembe kila boma, kwa nini nitafute hoja ya kutetea mti ambao mbuzi ameukataa?

Na hapa ndipo watu wa kaunti hii tunanishangaza, mimi nikiwa wa kwanza. Tunaishi kwenye lango la Tsavo. Ukitoka Voi mjini kwa boda hata chai haijapoa uko kwenye geti la mbuga. Na historia ya hiyo mbuga ni historia ya mti mmoja. Unaitwa msunguti. Wataalamu wanauita Acokanthera, na unaota kwenye vichaka vya upande huu. Wawindaji wa Kiwaata waliangusha ndovu Tsavo kwa upinde na mshale uliopakwa sumu ya mti huo, sumu ambayo mafundi wake wakubwa walikuwa Wagiriama. Wakamba nao wanaijua vizuri sana. Mshale mmoja, ndovu mzima. Mbuga ilianzishwa 1948, na miaka ya 1956 na 1957 serikali ya mkoloni ikaendesha kampeni kali ya kuwakamata wawindaji hao, wengi wakafungwa. Siingii leo kwenye suala la nani alikuwa jangili na nani alikuwa anakula kwao. Hilo nitalirudia siku nyingine, na nitafoka vilevile.

Ninachotaka muone ni namna sumu yenyewe inavyotengenezwa. Hawasagi majani wala hawachumi maua. Wanachukua vipande vya mti, maganda na mizizi, wanavichemsha. Saa nyingi. Maji yanabaki mazito na meusi kama lami.

Soma hiyo sentensi tena, halafu uniambie mwiko hufanya kazi gani ndani ya sufuria.

Kuchemsha mti ndiyo njia ya kuitoa sumu iingie kwenye maji. Halafu nyinyi mnaniandikia, "Chemsha kijiko kwanza, sumu itaisha." Mara moja tu nilimwambia nyanya hilo wazo la kuchemsha, alicheka hadi akashika ukuta. Hiyo sumu ya msunguti wazungu waliipa jina uabaini, wakalichukua kutoka neno la Kisomali la mti huo huo, waabaayo. Yaani hata jina la maabara limetoka kwa wachungaji wa huku. Kuna hata panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu, ambaye hutafuna maganda ya msunguti na kujipaka mate yake ubavuni ili mbwa akimuuma ajute. Watafiti waliliandika hilo 2011 baada ya kumchunguza hapa Kenya. Panya anaujua ule mti. Wewe mwenye simu ya elfu ishirini huujui.

Nimesema hivyo kwa hasira lakini sirudishi.

Watu wengine wananiambia mbinu zao za kupima. Moja ni kulamba: kama si mchungu, ni salama. Acha hiyo tabia leo. Mwarobaini ni mchungu kupita kiasi na watu wanapigia mswaki vijiti vyake. Na uchungu haukwambii sumu ni ya aina gani wala ni kiasi gani. Nyingine ni mbuzi: kama mbuzi anakula, basi tule. Mbuzi ana tumbo lenye vyumba vinne na anakula karatasi za unga. Anaweza kula kitu kikakudhuru wewe. Kinyume chake kidogo kina maana: mti ambao wanyama wote wanauogopa ni mti wa kuuliza maswali. Tena nyingine ni utomvu mweupe. Hapo kuna ukweli nusu. Mnyaa una maziwa meupe, na mtu yeyote aliyekata ua la mnyaa bila kuangalia upepo anajua yanachofanya machoni. Unaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa muda, wengine hospitali imewahusu. Lakini mfenesi pia una utomvu mweupe, tena unanata kama gundi, na mti wake ni mzuri. Kwa hiyo ukiona maziwa simama, uliza, usihukumu peke yako.

Kwa maana hakuna njia ya mkato. Kitu kinachohitajika ni kimoja, na kinachosha kwa sababu hakifai kwa video ya sekunde thelathini: jina la mti.

Na jina si rahisi. "Mchungu" si jina, ni malalamiko. Miti mingi inaitwa hivyo. "Mbono" kwa wengine ni mbarika, kwa wengine ni ule mti mwingine wa kuzungushia makaburi na mashamba, na yote miwili ina mbegu zenye sumu. Mti mmoja unaweza kuitwa hivi Sagalla, vile Wundanyi, na Taveta wakakucheka kwa majina yote mawili. Programu za simu za kutambua mimea zinasaidia, mimi ninazo mbili, lakini zilishawahi kuniambia kwamba mwembe mchanga ni mti wa mapambo wa Brazili. Zinakisia. Sasa ninafanya hivi: napiga picha ya jani mbele na nyuma, ua, tunda, ganda, na utomvu kama upo. Nawauliza watu wawili wasiojuana, angalau mmoja awe amepita miaka sitini. Wakikubaliana, natafuta jina la kisayansi na kusoma. Wakitofautiana, tawi linabaki mtini. Wanaotaka kwenda mbali zaidi wana KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, na kuna Hebaria ya Afrika Mashariki pale kwenye Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ambayo ilianzia Amani kule Tanzania mwaka 1902 na kuhamia Nairobi 1950. Kazi yao yote ni majani makavu yenye majina. Watu hao wapo, tunawalipia kodi.

Halafu kuna nyanya zetu, ambao hatuwalipi hata salamu.

Hili ndilo linaniuma. Wadawida walikuwa na fighi, ile misitu midogo mitakatifu ambayo hukati hata kijiti. Huwezi kukataza mti fulani usikatwe kama huujui kwa jina. Tembea sokoni Voi uone wanaouza miswaki. Hakuna hata mmoja anayekata kijiti kwenye ua la jirani. Wanaleta kijiti cha mti ule ule, msuaki wenyewe, Salvadora persica, ambao unaota huku kwenye nyika ya Tsavo, na watu wameutia mdomoni kwa karne nyingi wakiujua. Mimi mwenyewe nisingekubali kupiga mswaki kwa kijiti nisichokijua. Lakini nilikubali kukilia uji, kwa sababu kilikuwa na umbo la kijiko na mwanga wa jioni ulikuwa mzuri. Lugha yetu iliweka neno moja kwa kitu cha kukorogea na kwa kitu kilichokatazwa, mwiko na mwiko, sisi tukabaki na la sufuria peke yake.

Sawa. Tuseme umeujua mti, ni mwembe halali kabisa. Bado hujamaliza, kwa sababu shida nyingine haitoki kwenye mti, inatoka kwa watu.

Fundi mmoja hapa mjini alinionyesha vibao vya kukatia mboga alivyovitengeneza kwa masalio ya nguzo. Rangi ya kijani kijani hivi, nzito, safi. "Huu mti hauozi, dada! Mchwa akiuma anakufa!" Alisema kama sifa. Nguzo nyingi za stima na za ua huwekwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Ndiyo maana haziozi. Aseniki ni sumu hata kwenye riwaya za upelelezi, na kuna watu wanakatia sukumawiki juu yake. Nguzo nyeusi zinazonuka kama lami zina kreosoti, hizo nazo zikae huko huko barabarani. Wala usizitumie kama kuni za kupikia, ukichoma unajaza jiko lote.

Palati za malori pia mnazipenda. Tafuta muhuri: HT maana yake zilipitishwa kwenye joto, MB maana yake zilipigwa gesi ya methili bromaidi ya kuua wadudu. MB, weka chini. HT ni afadhali, ila hujui zilibeba nini kutoka bandarini hadi hapa, dawa ya mkonge au mbolea, na mti hunywa kile kinachomwagika. Tengeneza rafu ya viatu. Mbao za dirisha la zamani zenye rangi ya kubanduka ni hivyo hivyo, rangi za zamani zilikuwa na risasi na watoto ndio huumia zaidi.

Halafu kuna ya kumalizia, kung'arisha. Hapa nitawagusa watu wa vibanda vya vinyago na najua tutakutana. Uchongaji wa kuuza kwa watalii Kenya husimuliwa kuanzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, aliyejifunza kwa mafundi wa Kizaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Vya Kwanza vya Dunia. Hiyo ni sanaa, imesomesha watoto, na chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba pale Changamwe, Mombasa, kipo tangu 1963. Mpingo na muhugu vilipoanza kuadimika wengi wakahamia mwarobaini na jakaranda, na nawapongeza. Lakini tangu zamani kuna ujanja mmoja kwenye biashara ya vinyago: mti mweupe unapakwa rangi nyeusi ya viatu ili uonekane mpingo. Kwa twiga wa mezani, hakuna neno. Kwa kijiko cha saladi? Mgeni anakwenda kwao London, anakorogea mboga zenye siki rangi ya kung'arishia buti. Wengine wanapaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Kinyago ni cha kutazamwa, kijiko ni cha kuingia mdomoni, na mnunuzi hana namna ya kujua kipi ni kipi kama wewe hukumwambia.

Na najua kwa nini biashara imepanda. Mifuko ya plastiki iliondoka Agosti 2017. Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zikapigwa marufuku ndani ya mbuga za kitaifa, vijiko na uma ndani yake. Sisi tuko getini. Vijana wameona nafasi, na ni nafasi kweli, sitamwambia mtu asile. Ninachosema ni kwamba ukimpokonya mtalii kijiko cha plastiki mkononi na kumpa tawi la ua, hujamwokoa na kitu chochote.

Kuna wale ambao wakisoma hadi hapa watasema, basi tununue tu vya dukani, maneno kwisha. Hapana. Hiyo ni uvivu mwingine. Mwiko wa nyanya yangu una umri kunizidi na bado unasonga kimanga, ile mihogo na maharage iliyopondwa hadi mkono unaita mama. Mti mzuri upo, tena shambani kwako. Mpera ni mgumu, punje zake zimebanana, haunyonyi sana mchuzi. Ndio mti ninaoupenda kuliko yote. Mlimau na mchungwa vivyo hivyo, ukipata tawi nene la kutosha. Mkwaju ni mgumu kama deni, utalia na tezo lako, lakini kinu chake hukiachii mtu urithi bila kesi. Mfenesi una rangi ya asali. Mwembe ni wa kawaida na unatosha kwa mwiko, ila utomvu wake mbichi huwasha ngozi za watu wengine, kwa hiyo anza na kipande kilichokauka. Mgrevilea, ambao milima ya Taita imejaa, mbao zake ni nzuri kwa samani lakini vumbi lake na utomvu hutoa watu vipele. Mimi sichongi vijiko kwao. Mwarobaini nimeuacha kwa vinyago. Uchungu wake sitaki kwenye uji wa mtoto. Msandali usiuguse kabisa, hiyo si sumu, hiyo ni kesi, marufuku yake ni ya tangu 2007 na kaunti hii inajua vizuri kwa nini.

Ukishachonga, usikimbilie kupost. Mti mbichi uache ukauke kivulini pole pole, wiki kadhaa, kwenye magazeti, ukianikwa juani unapasuka na ufa ndio nyumba ya uchafu. Vaa barakoa wakati wa msasa hata kama mti ni salama, mapafu hayajui jina la mti. Paka mafuta ya nazi au nta ya nyuki. Mafuta ya kupikia niliyoyatumia kwenye ile video yanageuka kunata na kunuka. Nazi inakaa muda zaidi. Osha, kausha, usiloweke usiku kucha. Kikianza kupasuka au kuota weusi, kikawashe moto, kama ni mpera hakuna shida.

Ninachodai kutoka kwa kila anayeuza, pamoja na mimi, ni kidogo sana: andika jina la mti na ulichopaka. Mimi natumia msumari uliowashwa moto, nachoma kwenye mpini: MPERA, NTA. Dakika mbili. Dalali mmoja aliniambia maandishi yanaharibu sura, mtalii anapenda kitu kisafi. Nikamuuliza vya kwake ni vya mti gani. Akasema, "Mti mgumu." Nikamuuliza tena. Akasema, "Wa kienyeji."

Sikununua. Na nyinyi msinunue, kwake wala kwangu, siku nikishindwa kujibu swali la nyanya.

Ile video bado inatembea. Wiki iliyopita nimeikuta kwenye akaunti ya watu nisiowajua, wamekata jina langu, wameongeza muziki, na watazamaji wameshapita wale niliopata mimi. Chini yake msichana mmoja ameuliza, "Huu ni mti gani jamani, nataka kumchongea mtoto wangu?" Watu arobaini na kitu wamemjibu kwa mioyo na mikono ya kuombea. Hakuna aliyemjibu kwa jina. Nilimwandikia: ni Thevetia, ni sumu, usichonge, mkono huo ni wangu. Mwenye akaunti akanijibu "wivu tu" na kunifungia.

Yule msichana sijui kama alisoma. Mkikutana na bangili ya shanga za kijani, mwandikieni nyinyi.